Kidole cha Pili

Yaya Faustin, kaka yangu,

Jaji ametangaza leo saa tano, mbele ya watu waliojaa mpaka mlangoni: kabla ya kuamua kama akiba ya Toma itatolewa koperative, kwenye chama cha akiba ulikokuwa mtunza sanduku, na kugawiwa familia za watu aliowaua, anataka kumsikia shahidi wa akiba hiyo. Shahidi ulikuwa wewe. Kwa kuwa Toma alikuua, shahidi sasa ni mimi, mdogo wako.

Nakuandikia kama ninavyoandika habari za radio. Nikianza kwa machozi sitafika mwisho.

Hukumu ya kwanza imeshapita. Toma amepatikana na hatia, amefungwa, na ameamriwa kulipa fidia. Mke wako Zawadi ndiye wa kwanza kwenye orodha. Lakini Toma hana nyumba, hana ng'ombe, hana shamba. Ana akiba moja tu inayojulikana, ile aliyoiweka kwenu alipokuwa bado mnunuzi wa dhahabu, kabla hajashika bunduki na kuitwa komanda. Imo ndani ya sanduku lile lile la chuma ulilokataa kulifungua.

Siku alipokuja kuiweka nilikuwepo. Sheria yenu ilitundikwa ukutani: akiba haitoki bila vidole viwili, cha mwenyewe na cha shahidi wake; shahidi akifa, ndugu yake anakaa mahali pake. Mliiweka kwa sababu ya vita, ili mtu mwenye silaha asimkamate mama mmoja sokoni na kumburuta peke yake mpaka dirishani kwenu. Toma hakuwa na ndugu mjini. Nilikuonya. Ukanicheka: "Mutu asiyekuwa na ndugu, nani atamusimamia? Weye unaogopa hata mugeni mwenye viatu safi!" Ukachovya kidole kwenye wino, ukakibandika karibu na chake. Wino uliobaki ukaufutia kwenye mkono wa shati langu, ukacheka tena.

Kosa lako lilikuwa hilo. Naliandika kwa sababu ni kweli.

Asubuhi aliporudi na watu wake, hakutaka akiba yake peke yake. Alitaka zote. Mama Dorika, anayekaanga mikate mbele ya koperative, alisikia maneno yako ya mwisho: "Lete mwenyewe na shahidi wake." Uliyasema kwa ajili ya kila akiba iliyokuwa humo, na yake ikiwemo. Walikuua, lakini sanduku liliwashinda kulivunja. Ulikufa ukilinda mali ya aliyekuua. Nimejaribu kuiandika sentensi hiyo kwa namna nyingine. Haibadiliki.

Zawadi amehamia Rwambuzi, kwa dada yake, chumba kimoja na watoto watatu. Cherehani ameiuza. Mkubwa wenu amerudishwa nyumbani kutoka shule mara ya pili. Jumapili, ombi la akiba hiyo likiwa tayari kwa jaji, nilikwenda kuwaona, na mkeo hakunipa kiti. Alisema: "Shemeji, kila siku ndani ya radio ni haki, haki, haki. Leo haki inaomba kidole moja tu, na weye umeificha mufukoni."

Nilisimama pale uani kama mtu aliyekuja kuomba moto.

Kesho yake nikapita sokoni. Mama Dorika na wenzake walinizunguka. "Tunamulilia Faustin," alisema, "lakini usifungue ile mulango. Leo ni jaji. Kesho bengine batakuya na bunduki na muhuri yao, batasema siye pia tuko tribunali." Mwingine akadakia: "Na weye utabasomea kwenye radio, na sauti yako nzuri!" Walicheka. Mimi pia nilicheka, kisha hakuna aliyecheka.

Wana haki, Yaya. Mji huu tumeuona ukibadilisha wakubwa, na kila mkubwa alikuja na muhuri wake. Nao wanawake wale wamefiwa kama Zawadi. Tofauti ni kwamba bado wana kitu cha kupoteza.

Jaji anaweza kupita juu ya sheria yenu. Akipita, watoto wako watarudi shuleni, na asubuhi inayofuata soko zima litatoa akiba na kuzificha chini ya vitanda, mahali watu wa silaha wanapotafuta kwanza. Asipopita, siku moja Toma atamaliza kifungo, atabisha mlangoni kwangu na kuniomba kidole. Nimegeuka huku, nimegeuka kule. Kila mlango niliousukuma, wewe umesimama nyuma yake.

Basi nimechukua maneno yako. Nitamwomba jaji asivunje sheria, aitimize. Amtoe Toma gerezani, amlete mpaka koperative, dirishani kwenu, mchana, soko likiona. Toma aweke kidole chake kwenye karatasi ya malipo ya Zawadi na ya wengine walio kwenye orodha, nami niweke changu karibu, pale ulipoweka chako. Mwenyewe na shahidi wake.

Toma anaweza kukataa. Mahakamani alikuwa akitazama dari kama mtu anayengoja mvua iishe. Akikataa, akiba itabaki, na mimi ndiye nitakayekuwa nimemnyima mkeo mkate. Hilo nalijua, na sina njia ya kuliandika liwe dogo.

Jioni hii nilimweleza Zawadi. Aliingia ndani, akakaa sana. Alipotoka alikuwa na shati lako jeupe, limepigwa pasi. Alisema: "Uvae hii. Toma aione."

Lala, Yaya. Sitakuaga kwa maneno mengi, hukuyapenda. Nakuahidi moja tu: kidole changu hakitagusa wino kwa ajili ya Toma peke yake, leo wala siku atakayotoka, hata akija na bunduki.

Tribunali inafungua Ijumaa saa tatu. Nimeitwa wa kwanza.

Mdogo wako