Kopo la Chumba Namba Kumi na Nne

Dada mkubwa, shikamoo.

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji, na kwamba lile goti limeacha kukusumbua. Mimi mwili haujambo. Usingizi ndio umenikimbia.

Umeniuliza mara mbili kama mwanetu atapata chumba katika bweni langu mwaka ukianza, ili awe mikononi mwa mama yake mdogo. Nimekawia kujibu, mimi ambaye mlikuwa mkinisema nina mdomo kama redio ya kinyozi. Chumba kipo. Ni namba kumi na nne, na hakuna msichana anayekitaka. Soma mpaka mwisho kabla hujakikubali.

Muhula uliopita umeme ulikuwa ukikatika kila asubuhi. Mkuu wa mabweni akasema wasichana wanachemsha maji vyumbani kwa hita, akaniagiza mimi mlezi wa bweni nipekue. Sheria ya upekuzi naijua kwa moyo: mshauri wa wanafunzi asaini fomu kwanza, kitajwe kitu kinachotafutwa, ubishe mara tatu, mwenye chumba awepo. Kisichotajwa hukigusi. Lakini mshauri wetu hapendi kusumbuliwa. Kila muhula ukianza hutusainia kitabu kizima cha fomu tupu, nasi huzijaza baada ya kupekua, tukishajua tumepata nini. Tulikuwa tukitaniana kwamba hatujawahi kutafuta kitu tukakikosa.

Saa nne asubuhi, wenyewe wakiwa darasani, nilifungua namba kumi na nne kwa ufunguo wa akiba. Sikubisha. Hita haikuwepo. Ndani ya sweta lililokunjwa nikakuta kopo la peremende lenye vidonge vyeupe visivyo na jina. Nikajiambia nimenasa dawa za kulevya. Nikalifungia kopo kabatini ofisini, lingoje kamati ya nidhamu.

Binti mwenye sweta alinijia ofisini mchana huohuo. Mlinzi alikuwepo, na wafanya usafi wawili wakinywa chai. Akaniomba tuongee pembeni, nikakataa. Nikamwambia mwenye haki haogopi masikio ya watu. Akawatazama wale, akasema basi atasubiri kamati. Siku ya tatu alianguka bafuni, akagonga kichwa kwenye ukingo wa sinki, wala hakufika hospitali akiwa hai. Alikuwa na kifafa, dada, na hata rafiki zake hawakujua. Vidonge vingine vilikuwa nyumbani kwao, safari ya siku nzima.

Tangu hapo nikitikisa funguo zangu nasikia vidonge vikicheza ndani ya kopo. Kila asubuhi nafika namba kumi na nne, nabisha mara tatu, nangoja. Wafanya usafi wakiniona hupita na ndoo zao.

Sasa lile ambalo hadi leo sikuwa nimemwambia mtu. Jioni ile aliyofariki nilichukua fomu yenye saini, nikaijaza kwa tarehe ya nyuma. Nikaandika kwamba nilikwenda kutafuta dawa, kwamba binti alikuwepo na akaniruhusu, na kwamba nilipomuuliza ni vidonge vya nini alikana, akasema si vyake. Mama yake alipokuja kuchukua vitu alisomewa fomu hiyo. Alilia, akasema mficha maradhi kifo humuumbua, na kwamba alimsihi mwanawe miaka yote asione haya kusema. Kisha akanishika mikono miwili, akanishukuru kwa kumlea. Akarudi kwake akimlaumu marehemu, nami nikamwacha aende.

Leo nimemwandikia mama huyo kila kitu, na nakala nimeipeleka chuoni. Barua yake naiposti pamoja na hii, kwa hiyo ukisoma haya yeye pia anasoma. Sijui watanifanya nini. Kwa vyovyote mwanetu hatanikuta hapa.

Mwambie mwanetu, huko atakakokaa, mtu akija kupekua asidanganywe na saini. Aangalie kama fomu imekwisha kujazwa. Nisalimie shemeji na watoto wote. Na binti yako akikuomba mzungumze pembeni, dada, inuka umfuate.

Ni mimi mdogo wako,
ambaye wasichana waliniita Mama Funguo.