Namba za Dada Imas

Ujungberung, Bandung
9 Februari 2019

Mdogo wangu Enjang,

Assalamu alaikum. Mimi ni mzima, mgongo tu ndio unaniuma, kama unavyomuuma mtu yeyote anayesokota waya kutwa nzima. Wewe sikuulizi hali. Mgonjwa hapati nguvu za kufanya ulichokifanya.

Jana amekuja mlangoni kwangu mtu wa huko Surabaya, Bwana Gatot, dereva wa lori. Sauti imemkauka. Akatoa pakiti ya koili zangu za sigara ya umeme aliyoinunua dukani kwako, akaniuliza kama mimi ndiye Imas aliyeandikwa pale. Nikamwambia ndiye. Akasema, "Basi Bi Imas, umeniunguza koo."

Nikaitazama karatasi. Jina ni langu, namba si zangu. Mimi niliandika wati 55 hadi 70. Wewe umechapisha karatasi yako nzuri ya kung'aa, ukaweka 90 hadi 120, na jina langu ukaliacha chini kama mtu anayeacha viatu mlangoni. Waya ule ni mwembamba, Enjang. Ukiupa wati mia, pamba inaungua kabla maji ya ladha hayajaifikia, na mtu anavuta pamba iliyoungua. Huyu baba kavuta wiki mbili akidhani ndivyo ladha ilivyo.

Nimempa chai na koili nyingine, na nimemwomba radhi kwa kosa lako. Sasa nataka unieleze. Na usinipigie simu, kwenye simu huwa unanichekesha halafu nasahau nilichokasirikia. Hili sitaki kulisahau.

Dada yako,
Imas


Surabaya
16 Februari 2019

Kwa Dada Imas,

Waalaikum salaam. Sisi huku wazima, mke wangu Wiwik anakusalimu, duka linaenda. Mgongo pole.

Dada, wewe unakaa nyumbani na miwani yako na chai yako, mimi ndiye ninayesimama mbele ya watu. Mteja wa Surabaya ukimwambia wati sitini anakucheka. Anataka moshi ujae chumba. Nisipompa mimi atampa jirani, na jirani hana hata dada. Mkono mtupu haulambwi. Ulinifundisha wewe.

Halafu usijifanye namba zako zimeshuka kutoka mbinguni. Unalikumbuka lile kopo la zamani ulilonipa nilipofungua duka, koili ulizosokota ulipokuwa bado unafanya kazi mezani kwa Mjomba Uhe? Juzi nilitoa pakiti moja nikafunga koili zote mbili, nikapima. Karatasi yako, kwa mwandiko wako, inasema ukinzani ni omu 0.30. Kipimo changu kikasema 0.15. Nusu, Dada. Nikajisemea, kama hata Imas anakosea hivi, kwa nini na mimi nisiandike zangu?

Sikusema kwa sababu nakuheshimu. Umenitafuta, nimesema.

Mdogo wako,
Enjang


Ujungberung, Bandung
23 Februari 2019

Enjang,

Salaam. Mimi mzima na nina hasira.

Ulikuwa muuza simu mpaka mwaka juzi. Mimi nimesokota waya miaka tisa, vidole vyangu vina alama unazozijua. Kuna watu Medan na Makassar wanaonunua kwa kulitazama jina langu tu, pakiti hawaifungui. Na wewe unanipimia kazi yangu kwa kipimo ulichookota sokoni, cha bei ya mabakuli mawili ya supu? Kitupe. Nasema kitupe leo, kwenye pipa, Wiwik akikuona. Kipimo kibovu ndicho kinachokupa kisingizio cha kuandika upuuzi. Ukitaka kujua namba, soma karatasi yangu. Namba yangu haidanganyi.

Kwa kuwa hujui kazi, nakuandikia kama ninavyomwandikia mgeni. Boksi lenye ubongo, ile sigara yenye kompyuta ndogo ndani, soma wati zangu, anzia ya chini, panda polepole, ukisikia ladha ya kuungua shuka. Bomba lisilo na ubongo, ile ya betri na koili tu, halina wati za kuchagua. Pale betri inatoa yote inayoombwa, na kinachoomba ni koili. Namba ya koili ikiwa ndogo, inaomba zaidi. Betri zenu za ampea ishirini, kwenye bomba, usizifungie koili ya chini ya 0.25. Ikishuka hapo, betri inachemka mkononi mwa mtu.

Karatasi zako za kung'aa zichome. Ukishindwa hili, usiniite dada na usiuze tena chenye jina langu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Imas


Surabaya
2 Machi 2019

Kwa Dada,

Salaam. Wazima.

Nimezichoma zote. Kipimo nimekitupa, Wiwik ameshuhudia, na amecheka sana, ukitaka kujua.

Sijafurahi. Umeniandikia kama mtoto. Lakini wewe ndiye mkubwa na jina ni lako, kwa hiyo umeshinda.

Jumapili ijayo duka linatimiza mwaka. Nimewaalika wateja wote, Wiwik anapika supu ya rawon, na tutashindana nani atatoa moshi mkubwa. Mimi nitatangulia kwa bomba. Nitatoa pakiti ya lile kopo lako la zamani mbele yao, nisome karatasi yako kwa sauti, 0.30, iko juu ya 0.25, nifunge koili mbili, nivute. Waone kwamba namba ya dada yangu inatosha na haihitaji kupimwa. Uridhike.

Mdogo wako,
Enjang


Ujungberung, Bandung
20 Machi 2019

Mdogo wangu Enjang,

Assalamu alaikum. Hali yako? Hali ya Wiwik? Mimi mzima, mvua huku haikatiki, waya unashika kutu nisipoufunika.

Barua yako imenifikia kwa kuchelewa, iliwekwa ndani ya kasha la makopo matupu uliyonirudishia na nilikaa siku kumi bila kulifungua. Nilipoisoma niliona umenuna tu, nikadhani utaandika tena ukishapoa. Hukuandika. Nimepiga simu mara mbili, ndiyo, mimi, na haikupokewa.

Kama bado umenuna, nuna, ni haki yako, nilikuwa mkali. Lakini niambie sherehe ilikwendaje. Nimekutumia peuyeum ya muhogo uliochachushwa unayoipenda, ile usipoila mapema inalewesha nyumba nzima.

Dada yako,
Imas


Surabaya
11 Aprili 2019

Dada Imas,

Waalaikum salaam. Naandika kwa mkono wa kushoto, ndiyo maana herufi zinalala. Wiwik alitaka kuniandikia nikakataa. Nilitaka hii uisome kwa mkono wangu uliobaki.

Nilifanya kama nilivyokuahidi. Nikasoma karatasi kwa sauti, watu wakapiga makofi. Nikabonyeza, moshi ukatoka mkubwa kuliko wote niliowahi kuona. Nikabonyeza tena. Bomba likawa la moto, nikadhani ni sifa. Mara ya tatu likapasuka. Kidole cha shahada kimekatwa mpaka kwenye kifundo. Cha kati kipo lakini hakikunji. Kiganja wamekibandika ngozi ya paja. Namshukuru Mungu nilikuwa nimelishika mbali na uso, na nyuma yangu ulikuwa ukuta.

Daktari aliniuliza kama sikusoma maelekezo. Nikacheka, Dada, nesi akadhani ni dawa.

Ulisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nililisikia. Nilipokuwa mkaidi nilikuwa na vidole kumi.

Karatasi yako nimeifunga humu, imeungua pembeni lakini 0.30 inasomeka. Sijui kilichotokea. Wewe ndiye fundi. Niambie.

Enjang


Ujungberung, Bandung
18 Aprili 2019

Mdogo wangu Enjang,

Assalamu alaikum. Sina uso wa kukuuliza hali.

Nilikuwa na pakiti mbili za kundi lile juu ya kabati. Nimefunga koili moja, nikapima: 0.30. Nikafunga ya pili ubavuni mwake, nikapima: 0.15. Nimepima mara sita, nikitaka kipimo changu nacho kiwe kibovu.

Mezani kwa Mjomba Uhe tulipima koili moja, tukaandika, basi. Koili mbili zikifungwa ubavu kwa ubavu umeme hupata njia mbili, namba inashuka nusu, na mnunuzi alijua kugawa kichwani. Bandung nzima iligawa. Hakuna aliyefundishwa, ilikuwa kama kuvua viatu. Mwaka 2017 nilinunua kipimo changu nikaanza kuandika namba ya mbili pamoja, kwa sababu niliona ni safi zaidi. Sikumwambia mtu. Kopo la zamani nikakupa wewe, muuza simu, uliyejifunza kusoma karatasi zangu mpya. Kwa 0.15 bomba liliiomba betri yako ampea ishirini na nane.

Na uliniambia. Uliandika "nusu, Dada", na mimi nikakwambia ukitupe kipimo. Hasira niliyokuwa nayo juu yako bado ninayo, imehama nyumba tu. Nimekusema kwa kuweka namba za uongo chini ya jina langu, na uongo uliokukata kidole niliuandika mimi, kwa wino wangu.

Jumapili nilikwenda wanakokutana wasokotaji, nikaisoma karatasi yako iliyoungua na barua yangu ya pili ya Februari, yote, na matusi yake. Wengine walitazama chini. Wana makopo ya namna hiyo mikoa yote. Tumeanza kuyaita yarudi, na yale tusiyojua yaliko ndiyo yanayoninyima usingizi.

Nakuja Surabaya Ijumaa ya wiki ijayo kwa treni. Ukitaka kunifungia mlango, funga, nitakaa kwa Wiwik jikoni. Sitasokota tena mpaka nimekuona.

Kile kipimo chako, kama Wiwik alikiokota pipani, nitunzieni. Nataka kiwe mezani kwangu.

Dada yako,
Imas