Geti Likafunguka Mama Mkwe Akiwa Uani

Mpendwa Dada Mariat, naomba msaada wako, na tafadhali usicheke kabla hujafika mwisho, maana hapa kazini wameshanicheka vya kutosha.

Mimi ni askari magereza, Msoga kwa kabila, naishi Nalufenya hapa Jinja na mke wangu Racheal, ambaye kwao ni Wanale kule Mbale, na tangu Pasaka mama yake alikuwa kwetu kwa sababu ya kidonda cha mguu kilichokataa kupona, kinasafishwa katika kliniki ya jirani, na unajua kwetu na kwao mama mkwe na mume wa binti yake hawaonani uso kwa uso, kwa hiyo tulikuwa na utaratibu mzuri, nikifika napiga honi, mama anaingia chumba chake cha uani, Racheal anafungua geti, nami naingia nikitazama mbele kama niko kwenye gwaride.

Baadaye nikabadilisha gari, na hili jipya lina vitufe vitatu chini ya kioo cha kuangalia nyuma, vya kufungulia geti bila kushika rimoti, na kwa kuwa mwenzangu mmoja aliwahi kuvamiwa usiku akisubiri kufunguliwa, niliapa sitakaa tena gizani nje ya geti langu, nikaweka mota ya kulifungua. Jumamosi nzima nilihangaika, nilisogeza rimoti karibu na kitufe, nikabonyeza vyote viwili pamoja mpaka kijitaa kikapepesa haraka, nikafurahi, nikajaribu, geti kimya, nikarudia, kimya, mpaka niliposoma vizuri nikakuta kwamba mota za siku hizi hubadilisha namba zake za siri kila mara, haitoshi gari kuijua rimoti, lazima mota nayo ikubali gari, basi Racheal akafungua kifuniko cha mota akabonyeza kitufe cha kujifunza, mimi nikawahi kubonyeza cha garini mara mbili kabla mota haijasahau, geti likateleza, tukashangilia kama watoto.

Jumatatu nikatoka kazini mapema, nikabonyeza nikiwa bado barabarani, geti likafunguka bila kelele, nikaingia, na mama mkwe huyo hapo uani, kwenye mkeka, gauni limepanda magotini, mguu ameunyoosha anaota jua, tukatazamana, Dada Mariat, macho kwa macho, akapiga kelele, "Woowe! Nani amefungua geti?" akajifunika beseni kichwani, akakimbia nalo, akaugonga mguu ule mlangoni, na kesho yake akapanda basi kurudi Mbale.

Tangu hapo Racheal ananiambia neno moja tu, "Wewe chagua, hiyo kitufe ama mama yangu." Mama yangu mzazi anasema kwa kuvunja mwiko huo mikono yangu itaanza kutetemeka. Mwenzangu Gaster anasema, "Afande, futa tu hiyo kitu, shika vitufe viwili vya pembeni mpaka taa ipepese, yote inaisha." Lakini mimi sitaki kufuta, na pia sitaki mama mkwe akae huko Mbale, kwa hiyo nimeamua, Jumamosi hii naendesha mwenyewe mpaka Wanale, nampigia magoti, namrudisha kwa gari langu. Nianze na maneno gani?

Ni mimi mwenye kitufe,
Nalufenya.

*

Afande, usianze na maneno yoyote. Usiende.

Mama aliyejifunika beseni kwa kukuona mara moja, leo unataka kumkalisha kiti cha nyuma kutoka Mbale mpaka Jinja, yeye anatazama kisogo chako na wewe unamwona kwenye hicho kioo chenye vitufe? Moyo wako ni mzuri, nakusifu. Wapo wanaume ambao wangemsindikiza mama mkwe kituoni kwa furaha. Ila tuliza haraka yako.

Kitufe usikifute. Hukukosea kuogopa kuvamiwa, na Racheal asijifanye hayumo, ni yeye aliyebonyeza mota. Kosa lenu ni kwamba mliondoa honi bila kuweka kitu mahali pake. Mlidhani honi ilikuwa ya geti. Honi ilikuwa ya mama.

Kwa hiyo mwite fundi aifungie mota kengele, ilie kwanza, mtu apate nafasi ya kuinuka na mguu mbovu, ndipo geti lisogee. Wewe nawe ukifika kwenye kona piga honi kila siku, hata mama akiwa hayupo, mpaka mkono uzoee. Na mbele ya chumba chake jengeni kiwambo cha matete ili aote jua lake kwa amani. Kuhusu mila, shangazi yake Racheal ndiye aende kuwauliza wazee wa Wanale wanataka nini. Wakisema mbuzi, toa mbuzi bila kunung'unika.

Sasa nikugombeze. Nimesoma barua yako mara mbili nikitafuta jambo moja. Umeeleza kitufe mpaka mimi nisiye na gari naweza kukifundisha. Umeeleza mota, kijitaa, namba za siri. Mguu unaendeleaje? Hujasema. Nadhani hujauliza. Kidonda kimegongwa mlangoni, kimesafiri kwa basi, kiko Wanale sijui nani anakisafisha, na wewe unaniomba maneno ya kuanzia! Nimekasirika, sikufichi.

Usingoje Jumamosi. Usiwangoje wazee. Racheal aondoke kesho asubuhi, akodi gari la mtu mwingine, amlete mama moja kwa moja kliniki. Wewe chukua blanketi ukalale kambini mpaka mama mwenyewe aseme urudi. Mbuzi atafuata nyuma. Yeye miguu yake ni mizima.