Hatuhitaji mtandao

Benita. Usicheke. Nimeharibu utafiti wa klabu yetu.

Lile dodoso letu la mtandao na bei ya bando, ambalo majibu yake yanapelekwa halmashauri Ijumaa. Leo nilikuwa kijijini Kumsenga. Nikavaa koti la baba, nikakunja uso kama mkuu wa wilaya. Utani tu! Nikabisha hodi kwa mzee Ntirampeba: "Serikali inataka kujua. Mko wangapi humu, na mlizaliwa wapi?"

Mlizaliwa wapi, Benita! Nimewauliza hivyo watu waliokimbia Burundi wakapewa uraia hapa!

Mzee hakucheka. Aliingia ndani akatoka na cheti cha uraia kwenye nailoni, akaninyooshea kwa mikono miwili. Mimi, mtoto wa kidato cha tatu!

"Sisi ni Watanzania, mheshimiwa."

Mheshimiwa!

Nikavua koti haraka. Nikasema ni utani, shikamoo babu, nauliza habari za intaneti tu. Akajibu, "Andika hatuhitaji." Mjukuu wake Aline, anayepanda kilima kila siku kutafuta mtandao ili asome, akaficha simu nyuma ya mgongo. "Hatuhitaji," akasema naye.

Nyumba sita zilizofuata, jibu lilikuwa hilo hilo. Habari ya mtu wa serikali ilinitangulia.

Halmashauri wakisoma haya, Kumsenga hawapati mnara wa simu.

Nimeshamwambia Mwalimu Immakulata. Kasema nirudi kwa mzee kesho, bila koti, pamoja na mama yangu.

Hapo ndipo ninapoogopa zaidi. Mama naye ana cheti kama kile, kwenye nailoni kama ile.