Mutafsiri Asiyefunika Makosa

Samy kaka, Papa Bisengimana wetu wa Nyamitaba hana kompyuta, hana umeme, hana hata miwani ya kwake. Lakini alikubali kuandika kwa Kiswahili ukurasa wa mipangilio mipya ya mutafsiri, katika kitabu cha maelezo ya toleo jipya la lugha moja ya kompyuta, ya kuandikia programu!

Alifikiri ni mutafsiri kama yeye, wa mahubiri kanisani!

Akaandika: «Mutafsiri apewe maziwa mbele ya kuanza. Muhubiri akikosea, afunike kosa.» Afunike kosa, Samy!

Dorothée, mukubwa wa wanaoandika kile kitabu, akamukaripia mbele ya wote: «Papa, mutafsiri iko programu! Inasoma amri za kompyuta, ikiona kosa inasimama na kulitangaza. Sahihisha leo, ao tunatoa jina lako kwenye ukurasa.»

Jina lenyewe! Na kanisa lote ameshaliambia kwamba jina hilo litasomwa duniani.

Mzee akauliza: «Inatangaza mbele ya watu?»

«Ndiyo, njo kazi yake, Papa.»

«Basi haina adabu.»

Akasahihisha yote, jina likabaki. Kisha akawaandikia barua waliotunga ile lugha ya kompyuta, waongeze mpangilio mumoja: kosa lisemwe kwanza pembeni, kwa sauti ya chini.

Kutuma kwa imeili alikataa, eti kosa lao lisisomwe na watu wengine. Akalamba bahasha, akaifunga, akamupa mwenye pikipiki anayeshuka Goma.