Kalamu ya Hakimu

Shangazi,

Hatujambo. Kuku wa mama ameangua vifaranga saba.

Uliniagiza mahakamani niinamishe macho na ninong'one, maana mshtakiwa ni shemeji yako. Nisamehe, yaliingia sikio hili yakatokea lile. Hakimu anaandika kwa mkono, akaniomba niseme sentensi moja, ningoje kalamu, kisha niendelee. Mimi ni mwalimu wa darasa la pili. Kusomea watu imla ndiyo kazi yangu. Nikaeleza alichonifanyia shemeji yako, kila sentensi mara mbili, na kalamu ikiandika nilimkazia macho. Wakili wake akalalamika nachelewesha. Akaambiwa asubiri.

Jina lake nililitaja kwa sauti ndogo. Hakimu hakusikia. Nikalirudia kwa sauti hadi askari wa mlangoni akageuka.

Jumatatu tunaendelea. Ukija, ujue viti viko pande mbili.

Mtoto wa kaka yako