Bibi Alibonyeza

Kaka yangu mpendwa,

Sasa hivi tu mpwa wako Kifaranga amebonyeza kitufe chekundu cha rimoti, televisheni ikawaka, na ile kompyuta ndogo uliyotuundia nayo ikaamka yenyewe hapo chini yake. Akajipigia makofi. Mimi nimeketi sakafuni, bisibisi mapajani, nikaona nikuandikie kabla moyo haujageuka. Shikamoo. Natumaini mgongo wako umepata nafuu, na mama watoto hajambo pamoja na wanao. Huku tu wazima wa mwili. Kinachonisumbua ni aibu, na nitaifikia.

Nianze na shemeji yangu, mdogo wake baba Kifaranga, yule anayetaka aitwe Injinia. Wiki tatu zilizopita kompyuta iliacha kuitikia rimoti ya televisheni. Unajua mwenyewe, kile kidude cha CEC ulichokifunga ndani ndicho kilichokuwa kikipokea amri za rimoti, ili mama mkwe, ambaye tangu apate kiharusi ana kidole kimoja tu cha kutegemea, abonyeze mara moja na filamu zake zije. Injinia akaitwa. Alikuja na begi lenye mifuko kumi, miwani ya jua juu ya kichwa, ndani ya nyumba. Akaitazama kazi yako, akacheka kwa pua, akasema hivi ni vitu vya mafundi wa vibarazani.

Kaka, laiti ungemwona. Siku ya kwanza alibadilisha betri za rimoti, ilhali televisheni ilikuwa ikiitii rimoti hiyohiyo bila shida. Siku ya pili akanunua waya mpya wa HDMI, akauhamisha kutoka tundu la kwanza hadi la pili, la pili hadi la tatu, kisha akasahau alikoanzia. Akafuta programu zote na kuzipakia upya, mara mbili. Akapuliza matundu ya hewa kama mtu anayepoza chai. Nikamwuliza, kwa adabu zangu zote, kama haingefaa afungue kifuniko atazame ndani. Akanijibu kwamba shemeji, wewe angalia sufuria, haya mambo yana shule zake. Skrubu nne tu, kaka. Wiki tatu mtu mzima anazizunguka skrubu nne kama zinauma. Na kila akishindwa, anakula sahani mbili.

Mwishowe, kwa kuwa lazima kosa liwe la mtu, akatoa hukumu: mashine ni nzima, tatizo ni bibi, mama yake mwenyewe, habonyezi sawasawa, akili zimeanza kumtoka. Mama mkwe akamwuliza kama kubonyeza nako siku hizi kunatolewa cheti. Tulicheka. Dada yao mkubwa hakucheka. Alisema hata yeye ameziona dalili, na Jumamosi atakuja kumchukua akakae kwake, awekewe mtu wa kumchunga asije akaacha jiko linawaka. Baba Kifaranga akaitikia kwa kichwa, maana mbele ya Injinia, huyu mume wangu hukunjwa kama mkeka.

Mama hataki kwenda. Kule atawekwa chumba cha nyuma na kusemeshwa kwa sauti kubwa kama kiziwi. Hapa Kifaranga hulala mapajani pake. Jana nilimkuta anakunja nguo zake kwa mkono mmoja. Akaniuliza polepole, mwanangu, hivi kweli nilikuwa nabonyeza, au nilidhani tu? Nikamwambia anywe chai, inapoa.

Sasa ndiyo aibu yenyewe. Ile kompyuta ilikuwa na tabia ya kujiamsha kila adhuhuri ili ijisasishe, na ikiamka huiamsha televisheni kwa sauti yake yote, na mtoto ndiyo kwanza amesinzia. Siku moja, meno yamemsumbua hadi sote tumechoka, nilifungua zile skrubu kwa ncha ya kisu, nikachomoa ule waya mwembamba unaotoka kwenye kidude chako kwenda kwenye ubao mkuu wa kompyuta, ili isiweze kuiamsha televisheni. Jioni niliurudisha kwa kupapasa, nikaamini umekaa. Kesho yake rimoti ikagoma. Nilijua, kaka. Si kwa hakika, lakini nilijua. Nikanyamaza, kwanza kwa kuogopa Injinia asinicheke, mimi niliyeacha shule mapema, halafu, Mungu anisamehe, kwa utamu wa kumwona akitoka jasho. Nilimdharau kwa kutofungua kifuniko, na mimi niliyekwisha kukifungua nikamwachia mama wa watu mzigo aubebe.

Leo nimekifungua tena. Waya ulikuwa umekaa upande, pini moja imebaki nje kama jino. Nikaupanga upya, pini kwa pini, kama ulivyouchora kwa kalamu upande wa ndani wa kifuniko, mchoro ambao Injinia hajauona hadi leo.

Jumamosi ni keshokutwa. Nitawaambia wote, Injinia akiwapo, na acheke hadi mbavu zimuume. Nina imani mama atabaki. Lakini wa kwanza kuambiwa ni yeye. Nisalimie mama watoto, na wanao uwabusu kwa niaba ya Kifaranga. Huyo mama mkwe ananiita kutoka chumbani, amesikia muziki wa filamu yake, anauliza ni nani aliyewasha. Ananiita tena. Nakwenda kumwambia kwamba alibonyeza, kila siku alibonyeza, na kwamba aliyechomoa waya ni...